Ushauri, Ustawi na Upashaji Habari

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeagizwa na Kamati tuseme machache juu ya elimu tatu ambazo vijana wetu huenda kuzisoma vyuoni, nazo ni ushauri nasaha, kazi ya ustawi wa jamii, na mawasiliano, ambayo zamani yaliitwa upashaji habari. Wazee wengine wametuuliza, nao wana haki kuuliza: je, mtu aende chuoni miaka minne ili afundishwe kuzungumza na mwenziwe? Jibu tutalitoa. Lakini tutalitoa pamoja na jambo jingine lililomo katika ajenda ya leo, kwa kuwa mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Katika taarifa ya mwaka huu, kwa mara ya kwanza, orodha ya waliopata msaada wa mfuko wetu imepigwa chapa kwa hesabu tu, bila majina wala sababu. Wanachama kadha wameandika barua wakitaka majina yawepo. Wasema kwamba fedha isiyo na jina ni fedha iliyopotea. Hoja yao si ya upuuzi, na hatutaipita kando.

Kwanza tueleze jina la elimu hizi. Elimu ya jamii ni kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: wanavyooana, wanavyogombana, wanavyorithi, wanavyosadiki habari au kuikataa. Wako wanazuoni wanaoandika vitabu juu ya mambo hayo, na hao tuwaache na vitabu vyao. Sisi leo twawasema wale wanaoitwaa elimu hiyo na kuitia kazini. Bwana shamba hasomi mimea ili aipe majina. Husoma ili mahindi ya Rongo na mtama wa Karachuonyo visiliwe na kayongo. Ndivyo walivyo mshauri, mfanyakazi wa ustawi, na mpasha habari. Shamba lao ni watu.

Kazi hii si ngeni katika Nyanza. Mwaka 1923 Archdeacon Owen wa Church Missionary Society alikiongoza chama kilichoitwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, na wanachama wake walihimizwa kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jeanes School ya Kabete ikawafundisha baadhi ya askari waliorudi kutoka vitani, ili wawe watumishi wa ustawi katika wilaya zao. Kabla ya hayo yote Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo wasichana walifunzwa mambo ya maisha, na duol, ambamo wazee walikaa na vijana wa kiume jioni. Basi hatukungoja vyuo ili tujue kwamba mwanadamu huhitaji wa kumwongoza. Lakini mtindo wa chama cha Archdeacon, na wa duol pia, ulikuwa wa kuagiza. Choo kichimbwe, panya auawe, kijana aoe. Kwa choo, agizo latosha. Kwa mtu aliyepata habari ya kumvunja moyo, agizo halifiki popote.

Hayo sisi wa Homa Bay na Migori tulifunzwa na ugonjwa. UKIMWI ulitambuliwa katika Kenya mwaka 1984. Tarehe 25 Novemba, 1999, Rais Moi aliutangaza kuwa msiba wa taifa. Mwaka 2001 shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa za kuupunguza makali, bila malipo, katika hospitali ya Homa Bay. Makadirio ya Serikali yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay, 25.7 walikuwa na virusi, na katika Migori 14.7. Uchunguzi wa mwaka 2018, ambao watu walipimwa damu majumbani mwao, ulitoa 19.6 kwa Homa Bay na 13.0 kwa Migori. Njia za kuhesabu zilikuwa mbali mbali, kwa hiyo mtu asiziweke hesabu hizo bega kwa bega na kushangilia upesi.

Dawa ilipofika, wengi hawakuiendea. Kati ya mgonjwa na dawa ilisimama hofu ya kujulikana. Wako waliopanda matatu kwenda kupimwa katika mji ambao hakuna awajuaye, na wako waliokufa huku dawa iko umbali wa mwendo wa saa moja kwa miguu. Hapo ndipo kazi ya mshauri ilipoonekana. Kabla ya kupimwa, mshauri humwuliza mtu ajua nini juu ya ugonjwa, atamwambia nani, na ataishije kama jibu likiwa baya. Baada ya kupimwa humkalisha tena. Hamwambii mwanamke amwache mume, wala hamwambii mume amrithi mjane wa ndugu yake au asimrithi. Humpa habari zote zilizo za kweli, humsikiliza mpaka mwisho, kisha humwacha aamue mwenyewe. Neno lililosemwa humo halitoki. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 iliagiza ushauri kabla na baada ya kupimwa, na ikafanya kosa kutoa habari za aliyepimwa bila idhini yake. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria nyingine, ya kuwaandikisha washauri na wanasaikolojia, ili kazi hii isifanywe na kila mwenye kinywa.

Wazee wetu wasidhani kwamba hapa twaikashifu hekima yao. Mzee akiulizwa mpaka wa shamba uko wapi, hutoa hukumu, na hukumu ndiyo tunayoitaka. Lakini mwenye aibu moyoni haji kwa mtu atakayemhukumu. Huja kwa mtu atakayemsikiliza. Kazi hizi mbili ni mbali mbali, na mwenye kuweza zote mbili ni adimu sana.

Sasa juu ya ustawi wa jamii. Katika Marekani, mwaka 1917, bibi mmoja aitwaye Mary Richmond aliandika kitabu cha kuwafundisha wagawaji wa sadaka kwamba kabla ya kutoa, mtu achunguze: nyumba hii ina watu wangapi, nani ana kazi, nani mgonjwa, jamaa wako wapi, na wao wenyewe wataka nini. Huo ndio uti wa mgongo wa kazi hii hata leo. Kwetu uchunguzi wa namna hiyo ulifanywa kwa kadiri kubwa. Mwaka 2007 Serikali, pamoja na washirika wake, ilipoeneza mpango wa fedha kwa nyumba zinazolea mayatima, wilaya saba ziliwekwa chini ya uchunguzi, na kati yake zilikuwamo Homa Bay, Migori na Suba. Nyumba ilipewa shilingi 1,500 kwa mwezi, mkononi mwa mlezi. Kamati za wenyeji zilitaja nyumba zenye taabu, kisha habari zao zikahakikishwa. Katika kila wilaya kata nyingine zilianza kupata na nyingine zikangoja, na wachunguzi wakazilinganisha.

Walichokiona kimetustaajabisha. Watoto wa nyumba zilizopata fedha walizidi kuingia shule ya sekondari. Tena vijana wa nyumba hizo walichelewa kuanza mambo ya kimwili, ingawa fedha hizo hazikufuatana na mahubiri yoyote. Msichana ambaye nyumbani kwao mna unga na karo hakulazimika kumtegemea mvuvi au mwendeshaji wa bodaboda. Sisi wa vyama tumezoea kutoa maonyo mengi na fedha kidogo. Inafaa tufikiri.

Elimu ya tatu ni mawasiliano, na hapa wazee ndio wenye somo. Wataalamu wa Marekani walichunguza uchaguzi wa mwaka 1940 wakidhani watakuta kwamba redio na magazeti ndiyo yanayogeuza nia za watu. Wakakuta kwamba habari hutoka kwanza kwa redio na kufika kwa watu wachache wanaosadikiwa na majirani, kisha kutoka kwao kwenda kwa wengine. Kwetu jambo hilo lilithibitika katika habari ya tohara. Uchunguzi uliofanywa Kisumu juu ya vijana 2,784 ulisimamishwa Desemba 2006, kwa sababu ilikwisha kuonekana dhahiri kwamba waliotahiriwa waliambukizwa virusi kwa kadiri ya nusu tu ya wale wasiotahiriwa. Habari njema ya kitabibu! Lakini Wajaluo hawakuwa na mila ya kutahiri. Alama yao ya zamani ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Kumwambia Mjaluo atahiriwe ilikuwa kama kumwambia awe mtu wa kabila jingine, na mwaka 2008 wapo wazee waliokataa waziwazi. Kama serikali ingalipiga tarumbeta tu redioni, neno lingalikufa.

Yaliyofanyika ni mazungumzo. Madaktari walikaa na wazee wakawasikiliza, na neno likawekwa mahali pake: si jando, si kubadili kabila, ni kinga ya hospitali, kwa hiari ya kila mtu. Viongozi wakubwa wa siasa, Bwana Raila Odinga akiwa mmoja wao, walisema hadharani wakiunga mkono. Wazee hawakusema ni mila. Walisema kila mtu aamue. Ruhusa hiyo ilitosha. Kazi ilianzishwa katika Nyanza Novemba 2008, na miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya wanaume walijitokeza. Na hapa Migori tukumbuke kwamba Wakuria hutahiri kwa mila tangu kale, kwa hiyo kwao maneno yale yale yalihitaji kusemwa kwa namna nyingine. Anayepasha habari bila kujua ni nani anayesikia, hajapasha kitu.

Basi turudi kwenye orodha yetu. Kitabu hiki husomwa na mwalimu, na mwenye duka, na mtoto aliyefika darasa la tano. Hufika Muhuru Bay na Isebania, na mwisho wake hufungia sukari nguru sokoni. Tukiandika humo kwamba mjane fulani wa Nyatike alipewa nauli ya kwenda kliniki kila mwezi, tumekwisha kumtangaza. Mwaka ujao hatakuja kuomba nauli. Kwa kuwa haji, hesabu yetu itaonekana safi, na yeye atakuwa bila dawa. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu nayo imeweka habari za afya ya mtu katika zile zinazohitaji uangalizi mkubwa, wala haikuviachia huru vyama vidogo.

Kwa wenye shaka juu ya fedha, twajibu hivi. Wakuria wana iritongo, baraza la watu wote, na wana inchama, baraza la siri la wazee. Hakuna Mkuria anayesema inchama ni wizi kwa sababu haikai uwanjani. Swali ni nani wamo ndani na nani anawakagua. Kamati yaomba kwamba daftari kamili, lenye majina, sababu, na sahihi au kidole gumba cha kila aliyepokea, likae katika kasha la ofisi. Litafunguliwa mara mbili kwa mwaka na wakaguzi watatu wasio wa Kamati, nao watakula kiapo cha kunyamaza. Jumla ya fedha na hesabu ya watu vitapigwa chapa kama mwaka huu. Mwenye kushuku jina fulani atamwandikia mkaguzi, si mkutano.

Kamati pia yaomba karo ya wanachama wawili waende kusomea ushauri na ustawi, na mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa yako mambo ambayo mama hatamwambia karani mwanamume hata akingoja mpaka jua litue. Tungependa wawili hao wajue Kikuria na Kijaluo baina yao. Mtu husema taabu yake kwa lugha ya nyumbani kwao.

Wakaguzi watatu watachaguliwa katika jambo la saba la ajenda, kwa kura ya karatasi. Asiyejua kuandika atasaidiwa na mtu atakayemchagua mwenyewe.