Sheria na Mwenye Kalamu



Sheria hufuata mkono ulioiandika. Sheria ya mwaka 1915 iliita ardhi yetu mali ya Mfalme wa Uingereza. Na mwaka 1921 mahakama kuu ikaamua kuwa Mwafrika ni mpangaji tu, awezaye kuondolewa wakati wowote. Huku Voi na Mwatate mashamba ya katani yakastawi kwa jasho la vibarua. Chama cha Milima ya Taita kiliteta, kikapigwa marufuku mwaka 1940.

Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zimetupa kalamu; lakini kalamu isiyoshikwa haiandiki. Basi tuisome sheria, tukaandikishe ardhi yetu kabla hajatutangulia mwenye mali.