Shule na Kodi ya Nyumba



Nimeombwa kusema machache juu ya jambo linalogusa mishahara yetu sote. Mwezi wa Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake, za msingi na za sekondari hata kidato cha nne. Twashukuru. Lakini karani atafutaye nyumba hapa Arusha, Sekei au Ngarenaro, huonyeshwa shule kwanza, ndipo chumba: “Mtoto wako atakwenda kwa miguu.” Kisha hutajiwa kodi, tena ya miezi 6 mara moja. Basi ada iliyotokea mlango wa shule yarudi kwa mlango wa nyumba.

Kweli, kuokoa nauli na kumwepusha mtoto na barabara kuna thamani yake. Lakini na tupime. Shule ya Ilboru, iliyoanza mwaka 1946, hupokea vijana waliochaguliwa kwa mtihani kutoka mikoa mingi. Kukaa jirani nayo hakumpi mtoto nafasi. Shule ya msingi ya mtaa ndiyo ipokeayo watoto wa jirani. Ulipapo, ujue unalolipia.

Tena, shule za kata zilizoenea tangu 2004 zilijengwa kwa fedha ya Serikali na kwa jasho la wananchi, wapangaji wakiwamo. Si haki aliyebeba mawe ahamishwe kwa sababu ya jengo alilolijenga.

Basi tuandikiane mikataba ya mwaka mzima, tena tuombe shule njema katika kila mtaa. Zikiwa njema zote, hakuna atakayepandisha kodi kwa jina la shule.