Dalili za Kisukari Zionekanazo Usiku



Kerugoya, chini ya Mlima Kenya, usiku huwa na baridi, na watu wengi hunywa chai kabla ya kulala. Kwa hiyo mtu aamkaye mara kwa mara kwenda haja ndogo husema, "Ni baridi tu," au "Ni chai." Pengine ni kweli. Lakini pengine ni ugonjwa wa kisukari, na kuupuuza ni hatari.

Sababu yake ni hii. Ugali, wali na viazi hugeuka kuwa sukari katika damu, na mwili huitumia kwa msaada wa insulini itokayo katika kongosho. Insulini ikikosekana, au isipofanya kazi sawasawa, sukari huzidi. Figo huitoa kwa mkojo, nayo huvuta maji mengi. Basi mgonjwa huamka kukojoa, kisha hushikwa na kiu kali. Mchana huwa mchovu, na pengine hukonda ingawa anakula.

Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, kisha akaanza tena, huku akikonda na kutaka maji kila mara, asichapwe wala asichekwe. Apelekwe hospitali siku ile ile. Akitapika au akipumua kwa nguvu, kuchelewa kwaweza kumwua.

Yuko pia mgonjwa atumiaye insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari. Akifanya kazi ngumu shambani kisha akalala bila kula, sukari yaweza kushuka mno usiku. Hutoka jasho likalowesha shuka, hutetemeka, au huongea ovyo. Apewe mara moja vijiko vidogo vinne vya sukari katika maji. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali upesi.

Zamani mtoto mwenye maradhi haya hakuwa na tumaini. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, mvulana mmoja, Leonard Thompson, alidungwa insulini akiwa mahututi, naye akaishi miaka 13 zaidi. Leo dawa ipo, na kupima huanza kwa tone moja la damu ya kidoleni.

Baridi yaweza kumwamsha mtu kwenda haja, lakini haimtii kiu kali. Wala chai haimkondeshi mtu. Aonaye mambo hayo pamoja asingoje msimu wa baridi upite. Kukipambazuka, aende akapimwe.