Ganzi ya Meno
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Leo sikusimama kwa habari za mishahara. Nimeomba nafasi kidogo niseme habari za meno, na mkitaka kucheka chekeni, maana najua humu wamo watu ambao wakipewa soda baridi huinywa kwa upande mmoja wa kinywa.

Mimi ni mtu wa gengi, kazi yangu ni njia ya reli. Kwa miaka mingi nilisugua meno kwa makaa yaliyopondwa, kwa nguvu zangu zote, kama mtu asuguaye sufuria. Nilidhani jino jeupe ndilo jino zima. Kisha maji ya asubuhi, chungwa, hata upepo wa alfajiri juu ya troli, vikaanza kunichoma kama sindano, halafu maumivu yakaisha mara moja. Nikaenda kwa mtu mmoja mng'oa meno. Hakuuliza neno, aling'oa. Juma la pili ganzi ikawa ingaliko, katika jino la jirani. Lile lililotoka ninalo nyumbani, halina tundu hata moja.

Baadaye daktari wa meno alinieleza. Jino lina gamba gumu juu. Chini yake kuna sehemu laini zaidi, yenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vimejaa majimaji na vinaelekea kwenye mshipa wa fahamu. Gamba likilika, au ufizi ukishuka na kuacha shina wazi, baridi huyasukuma yale majimaji, na mshipa huumia. Watu wa njia mtafahamu upesi: mvua ikisomba kokoto, mataruma hubaki wazi. Taruma si bovu, wala hakuna nyapara atakayesema ling'olewe. Lakini kokoto twarudisha kwa sepetu; ufizi ulioshuka haurudi wenyewe.

Basi ni nini kinachokula gamba? Makaa, majivu, mchanga, na mswaki mgumu unaosukumwa kama msumeno. Ndimu, ukwaju, embe mbichi, na soda tunazokunywa kutwa nzima. Wengine husaga meno usingizini. Na ninyi vijana mnaofungua chupa kwa meno, hayo ni meno, si spana. Jino likipata ufa halishoneki. Ugonjwa wa fizi nao hushusha ufizi, na tumbaku huuzidisha.

Dawa yake si koleo. Tumia mswaki laini, kwa mkono mwepesi. Mswaki wa mti si vibaya, ila utafune ncha mpaka iwe laini. Madukani kuna dawa ya meno ya watu wenye ganzi, nyingine zina potasiamu nitreti ya kutuliza mshipa. Itumie mara mbili kila siku, uteme, usisukutue kwa maji mengi. Usiiache siku ya tatu ukisema umedanganywa. Yataka majuma kadhaa. Ukila kitu kichungu kama ndimu, ngoja kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana gamba limelainika. Isiposaidia, daktari aweza kupaka floraidi au kuziba mahali palipo wazi.

Lakini sikilizeni hapa. Maumivu yakikawia baada ya baridi kuondoka, au yakija yenyewe usiku, au jino likiuma unapotafuna, hiyo si ganzi tu. Huenda limeoza au limepasuka, nenda upesi. Shavu likivimba na homa ikaja, nenda siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo chama kinapoingia. Mwenzetu akiwa na jino hungoja siku ya mapumziko, kwa kuogopa kukatwa siku yake. Naomba wajumbe wetu waliweke jambo hili mezani: ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno ihesabiwe kama ruhusa ya ugonjwa mwingine wowote.

Nimekuja na mswaki laini. Anayetaka aushike aone ulaini wake kabla hajanunua wake. Bado haujatumika.