ZAWADI ZA WAGENI NA WATOTO WETU
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika)

 

Kamati imetuomba tuseme juu ya zawadi za wageni wapandao mlima. Tutasema wazi, maana jambo hili si la wageni peke yao, na sisi tumo.

Wote tunaiona barabara iendayo lango la Marangu. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ianzishwe mwaka 1973 wageni wamezidi kuwa wengi, na wakati wa kiangazi magari yanapita tangu asubuhi. Mgeni anashusha kioo, anatoa pipi, au kalamu, au noti. Huruma yake hatuikatai. Lakini gari likishapita, sisi ndio tunaobaki na mtoto. Mwezi uliopita mtoto wa darasa la tatu alikimbilia gari, akateleza mtaroni, akapasuka goti. Kalamu yenyewe akaichukua mwingine aliye mkubwa kuliko yeye.

Hebu tuulizane, jamani. Saa nne asubuhi mtoto yule alikuwa anatafuta nini barabarani? Mwalimu aliita jina lake, hakuna aliyeitika. Na wako wazazi, wenyewe wanajijua, wanaosema, "Nenda, leo kuna msafara mkubwa." Mtoto akirudi na shilingi elfu mbili inanunuliwa sukari, basi kesho shule inaonekana haina faida.

Wala tusiwaseme wazungu tu. Mwezi wa Desemba ndugu zetu wanaporudi kutoka Dar es Salaam kula sikukuu, nao hurusha pipi dirishani, watoto wagombanie kama kuku. Hao tunaweza kuwaambia kwa Kichagga, hawana udhuru.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni la watu wazima, penseli yetu ya kwanza tuliinunua kwa fedha ya ndizi. Tuliikata vipande viwili tukagawana na mwenzetu wa benchi. Hatusemi watoto wateseke kama sisi. Lakini ile penseli haikupotea.

Sasa tuje kwenye shule. Yuko mgeni alileta maboksi ya vitabu. Tukamshukuru, tukaimba, tukapiga naye picha. Kuja kufungua, vitabu vyote ni vya Kiingereza cha watu wazima, na kimoja kinaeleza namna ya kuendesha gari kwenye theluji! Watoto wetu wa shule ya msingi wanasoma kwa Kiswahili. Vitabu viko stoo mpaka leo, wanaovisoma ni mchwa. Mgeni hakuuliza, nasi tuliona haya kumwambia kwamba shida yetu ni choo cha wasichana.

Akaja mwingine, yeye akauliza kwanza. Akaambiwa madawati. Akatoa fedha, mbao zikanunuliwa, mafundi wa hapa hapa wakatengeneza. Hiyo ndiyo zawadi. Lakini, ndugu zetu, tangu siku ile michango ya makande imelegea. Eti "wazungu watamalizia." Ni kweli mwaka 2016 Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne, ila chakula cha mchana cha watoto hapa kijijini ni chetu wazazi. Wiki mbili zilizopita kuna siku sufuria haikuinjikwa. Watoto wakasinzia juu ya madawati mapya.

Wazee wa mlima huu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Fedha ya kahawa ilisaidia kujenga shule na kusomesha vijana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilituonya juu ya kutegemea zawadi na mikopo ya nje. Tunajua kahawa ya leo siyo ile, na vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa kama leso. Lakini debe moja la mahindi kwa kaya halijatushinda.

Basi tunapendekeza hivi. Mtoto asipewe kitu njiani. Vijana wetu waongozao wageni, na wapagazi, wawaeleze wageni kwa adabu wakiwa bado garini. Mwenye kitu akipeleke kwa Mwalimu Mkuu, aulize kwanza kinachotakiwa, kisha kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, hata zikiwa kalamu kumi. Daftari lisomwe kwenye mkutano kama huu. Mwaka juzi zililetwa jezi za shule, na nyingine zimeonekana mnadani. Hatutaji mtu.

Bibi mmoja alituuliza jana: je, yatima asiye na daftari naye anyimwe? Hapana, mama. Walimu wanawafahamu watoto hao. Wapewe kutoka ofisini, kimya kimya, bila kusimamishwa mbele ya mgeni kupigwa picha.

Jumamosi saa mbili asubuhi ni msaragambo shuleni, tunachimba shimo la choo cha wasichana. Kila kaya ilete mtu mmoja na jembe au sururu. Mahindi yatapokelewa siku hiyo hiyo na Mweka Hazina. Debe letu tumeshalipeleka, limeandikwa mstari wa kwanza.