Chombo Kimoja cha Kazi Nyingi: Namna ya Kukichagua



Nataka kusema nanyi juu ya chombo kidogo cha kukunja, ambacho ndani yake mna koleo, kisu, bisibisi, tupa na kifungua kopo. Karl Elsener wa Uswisi aliandikisha kisu chake cha maofisa, chenye vyuma kadhaa, mwaka 1897. Na Tim Leatherman wa Marekani alianza kuuza chombo chake chenye koleo mwaka 1983. Siku hizi viko vya kila bei, na vingine ni vya kuigiza, hata jina limeigwa.

Kwetu Kitengela na Kajiado chombo hiki chafaa sana. Ng'ombe wakiangusha seng'enge karibu na barabara ya Namanga, waya hauna budi kufungwa upesi, wasije wakaingia mbele ya malori. Pampu ya kisima ikilegea wakati wa ukame, mifugo yenye kiu haiwezi kumngoja fundi atoke mjini. Chombo kikivunjika saa hiyo, hasara si bei yake tu.

Basi, ukienda dukani, usihesabu vyuma. Hesabu kazi zako. Kwanza, funga koleo: ncha zake zikutane sawasawa, wala lisicheze kushoto na kulia. Pili, fungua kisu utazame kama kina kizuizi imara, maana kisu kinachojikunja chenyewe hukata vidole vya mwenyewe. Tatu, chagua kilichofungwa kwa skurubu, kwa kuwa skurubu zikilegea hukazwa. Nne, uliza dhamana ni ya miaka mingapi na ni nani atakayeitimiza; kisha dai risiti.

Wako wasemao, "Bei ni kubwa." Na tupige hesabu. Tuseme mtu anunua cha shilingi 1,000 kila miezi sita: kwa miaka mitano ametoa shilingi 10,000. Mwenziwe aliyetoa 8,000 mara moja, na chombo kikadumu miaka hiyo, amebakiwa na 2,000. Lakini mtu ambaye hukaza skurubu mara moja tu kwa mwaka, bisibisi ya kawaida yamtosha. Asitupe fedha zake.

Ukisha kukinunua, kitunze. Usikate waya mgumu wa uzio kwa koleo dogo, makali yatapata mapengo. Usikitumie badala ya nyundo, wala usikipe kazi ya panga. Futa vumbi na jasho, tia tone la mafuta kwenye maungio. Hata chuma kisemwacho hakishiki kutu huota madoa kikiachwa na chumvi; watu wa upande wa Magadi wakumbuke neno hili.

Fedha za mfugaji hupatikana kwa taabu. Zitoeni kwa kitu mlichokwisha kukishika, kukifungua na kukijaribu kwa mikono yenu wenyewe, wala si kwa sababu ya kung'aa kwake.