Gari Linalowaka Bila Dereva

Juma hili nataka tuzungumzie magari yanayowashwa kwa rimoti. Mwenye gari yuko sebuleni anamalizia chai, anabonyeza kitufe, na huko nje injini inanguruma hali kiti cha dereva ni kitupu. Katika nchi za baridi kali kama Kanada, watu hufanya hivyo ili barafu iyeyuke kwenye vioo kabla hawajatoka ndani. Katika joto la Dar es Salaam faida yake ni kiyoyozi kutangulia kazini.

Rimoti hutuma mawimbi ya redio yenye namba ya siri. Katika mitambo mizuri namba hiyo hubadilika kila unapobonyeza, hivyo mwizi aliyeinasa jana leo haimfai kitu. Lakini gari halitii papo hapo. Kwanza linajiuliza: gia iko kwenye P? Boneti imefungwa? Jibu moja likiwa baya, injini haiwaki. Na hata ikiwaka, mtu asiye na ufunguo akiingia na kukanyaga breki ili aondoke, inazimika. Asipotokea mtu, baada ya dakika 10 au 15 hivi inajizima yenyewe.

Kwa maoni yangu, thamani ya chombo hiki iko katika kukataa huko. Ndiyo maana nina wasiwasi na vile vinavyofungwa baadaye na mafundi wa haraka haraka. Swichi ya boneti ni kitu kidogo. Fundi akiiruka, gari linawaka vizuri tu na mteja anatabasamu. Sasa siku fundi mwingine ameinama, mikono iko kwenye mkanda wa feni, nawe uko ghorofani ukabonyeza, vidole vyake nani atavirudisha? Gari la gia za mkono ni hatari zaidi: likiwa limeachwa kwenye gia ya kwanza, nguvu ya stata peke yake inatosha kulisogeza mbele, awepo mtoto asiwepo.

Tena kuna moshi. Rimoti haijui kama gari liko uani au ndani ya banda lililopakana na chumba cha kulala. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hunyakua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huenda asiamke.

Basi kabla hujamlipa fundi, weka gia kwenye P, fungua boneti, simama kando, kisha bonyeza. Gari likiwaka, usitoe hata shilingi mpaka aifunge ile swichi.